Sanamu Iliyotoka Jasho

Mshipi wa sanamu ulikuwa umelowa jasho.

Dishon ndiye aliyegundua, alipoishusha sanamu baada ya zoezi la asubuhi na kuanza kuivua. Alinusa vidole vyake, kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Nani alivaa hii hanesi?" aliuliza. "Semeni tu. Mnajua mimi ndiye huivua, ndio mkanipakia jasho lenu."

"Hakuna aliyeivaa," Kawsar alimjibu. "Sanamu imening'inia huko juu tangu tufike."

"Basi imeanza kuvuja kwapa. Hongera zake."

Wenzao walicheka. Wamalwa, mwalimu wao, hakucheka. Aliuchukua mshipi, akapitisha kidole kwenye mkanda wa paja, akauanika kivulini.

"Mshipi uliolowa haurudishwi kabatini," alisema. "Nilisema hivyo juzi. Nyinyi husikia kwa kutumia nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna kosa lililompita bila kusahihishwa. Mtu akifunga fundo vibaya, Wamalwa alimwacha amalize, akamngoja ashuke, kisha akamweleza mbele ya wote alichokosea, kwa nini lilikuwa kosa, na mtu mwenye akili angefanya nini badala yake. Kati ya waliopita mikononi mwake, hakuna aliyempenda na hakuna aliyeanguka.

Chuo chenyewe, kama kilistahili jina hilo, kilikuwa godauni la Industrial Area lililowahi kuwekwa ngozi mbichi za ng'ombe, kisha likaachwa tupu miaka mingi kwa kuwa harufu ilikataa kuhama. Ndirangu alilikodi kwa sababu hiyohiyo: hakuna mwingine aliyelitaka. Huyu Ndirangu alikuwa muuza matangi ya maji. Siku moja alitazama juu, akaona vijana wakiosha vioo vya ghorofa ndefu huku wakining'inia kwa kamba, akaamua kuwa mwenye chuo cha kazi hiyo. Hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko stuli ya baa. Picha yake iliyobandikwa mlangoni, amevaa helmeti na mishipi isiyofungwa popote, ilipigwa akiwa amesimama juu ya kreti ya soda.

Aliyejua kazi ni Wamalwa. Aliwafundisha kwamba kila mtu hupanda kwa kamba mbili, ya kazi na ya akiba, ili moja ikikatika nyingine imshike. Aliwafundisha kwamba mtu aliyezimia akiwa ananing'inia hufa kwa kuning'inia tu, maana damu huzama miguuni na kukataa kupanda, kwa hiyo mwenzake lazima amfuate upesi. Na akimfikia, sheria ilikuwa moja, nayo Wamalwa aliwaimbisha kama watoto wa chekechea: kwanza beba, ndipo ufungue. Mfunge mgonjwa kwenye mshipi wako, uzito wake wote uje kwako, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kumfungua kwenye kamba yake. Anayeanza kwa kufungua ameshamtupa.

Kulikuwa na desturi nyingine. Mwokoaji humwita mgonjwa tangu anapoondoka chini. Unanisikia? Mimi ni fulani. Nakuja kukushusha. Asipojibiwa, huendelea kuita, kwa sababu masikio ndiyo ya mwisho kufa. Mgonjwa wao alikuwa sanamu ya turubai, nzito kama mwanamume mzima, iliyotundikwa karibu na mabati ya paa. Kila siku, mmoja baada ya mwingine, waliiita.

Sanamu hiyo ilishonwa na Phelister, mke wa Wamalwa, aliyekuwa fundi cherehani wa Shauri Moyo. Aliishona kwa kuombwa na mumewe, na alipomaliza aliitazama kwa dharau. "Huyu mgonjwa wako hana hata shingo," alisema. "Ila mkimwangusha hatapoteza kitu. Amefanana na Ndirangu." Phelister alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Katika ndoa yao yote hakumwambia mumewe neno tamu lililonyooka. Alimwambia kola imepinda, chai ameipika kama maji ya kuoshea vyombo, nywele amenyolewa na adui. Wamalwa alimjibu kwa lugha hiyohiyo, na majirani wao walidhani hawapendani. Figo zilipomshinda Phelister, akalazwa, jambo la mwisho alilomwambia ni kwamba chupa ya dripu imetundikwa kwa fundo la kijinga. Wamalwa alisimama, akalifunga upya. Aliporudi kuketi, mkewe alikuwa amekwisha ondoka.

Baada ya mazishi, Nasike, mdogo wa marehemu, alimpigia simu kutoka Kimilili. "Mulamwa," alimwambia, kama wanavyoitana mashemeji huko kwao, "zile nguo za dada lazima tukae tuzigawe. Nguo za mtu hazikai tu." Wamalwa alimjibu kwamba yeye hafanyi mnada wa nguo za mkewe. Wiki hiyohiyo mshono wa sanamu ulifumuka, mchanga ukamwagika. Alizibeba nguo zote kutoka nyumbani Buruburu ndani ya gunia, akaisindilia nazo sanamu pamoja na mchanga uliobaki, akashona. Hakumwambia mtu. Huenda hata yeye hakujiambia kwa nini. Lakini tangu siku hiyo, alisimama pale chini kila asubuhi na kutazama watu wakipanda kumwokoa.

Baada ya jasho ikaja harufu. Wanafunzi walisema ni ya ngozi mbichi, kama machinjio yamehamia darini. Wamalwa aliinusa pia, lakini yeye alinusa mafuta ya cherehani na sabuni ya kipande, na alinyamaza. Kisha ukaja mlio. Mchana, karakana za jirani zikiwa zimetulia kwa chakula, ungesikika huko juu karibu na mabati mdundo mdogo wa haraka, tk-tk-tk-tk, ukisimama, ukianza tena, kama mtu anayeshona mshono mrefu na kusimama kugeuza kitambaa.

"Ni panya," alisema Ndirangu.

"Panya wa kushona?" Dishon aliuliza. "Mwambie anishonee suruali."

Siku ya tatu ya mlio huo Dishon ndiye aliyekuwa zamu ya kuokoa. Alipanda akiita kwa sauti ya kuchekesha, kama kawaida yake. "Niaje, mgonjwa! Unanisikia? Mimi ni Dishon, nakuja kukushusha!"

"Nakusikia, Dishon," sanamu ilimjibu.

Haikuwa sauti kubwa. Waliokuwa chini hawakuisikia. Walichoona ni Dishon akisimama katikati ya kamba, mikono imekauka, na kisha mkojo wake ukidondoka sakafuni. Ilibidi Wamalwa apande kumshusha. Dishon alipofika chini alivua mshipi bila kufuata utaratibu wowote, na Wamalwa alipofungua mdomo kumsahihisha, Dishon aliinua mkono.

"Buda, usiniambie kitu," alisema kwa kunong'ona. "Hiyo kitu imeniitikia. Imeniitikia na ikasema jina langu. Mimi nimetoka hii kozi."

Wengine walitoka pamoja naye. Ndirangu hakuogopa jini, alichoogopa ni godauni tupu. Akamleta mganga ambaye matangazo yake yalibandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Gikomba hadi Jogoo Road, akiahidi kurudisha wapenzi, kushinda kesi na kufungua biashara, mambo ambayo, ukitazama viatu vyake, yalikuwa yamemshinda yeye kwanza. Mganga alivaa kanzu juu ya suruali ya jinzi. Aliwasha ubani, akanyunyiza marashi, akaizunguka sanamu iliyokuwa imelazwa sakafuni huku akitamka Kiarabu kwa kishindo.

Kawsar, msichana wa Eastleigh aliyekuwa miongoni mwa wachache waliobaki, aliziba mdomo kwa ncha ya hijabu yake.

"Unacheka nini?" Wamalwa alimnong'oneza.

"Mwalimu, hiyo ni dua ya kuingia chooni."

Mganga alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye kifua cha sanamu. "Jini, nakuamuru!" alisema. "Taja jina lako! Taja unachotaka!"

Sanamu isiyokuwa na shingo iligeuza kichwa, polepole, kama mtu aliyeamshwa na mgeni asiyemtarajia, ikamtazama kwa uso wa turubai usiokuwa na macho. Kisha ikatoa sauti ndogo ya ulimi kugonga meno, ile sauti ya kumpuuza mtu. Mganga aliacha chetezo, marashi na kiatu kimoja. Walipotoka nje kumtafuta Ndirangu, walikuta gari lake limekwisha fika barabarani.

"Angalau wamekimbia kwa mpangilio," alisema Wamalwa. "Mwenye chuo mbele."

Lakini ile sauti ya ulimi aliijua. Aliisikia kila asubuhi ya ndoa yake.

Kawsar aliinama juu ya sanamu bila kuigusa. Kwenye mshono uliolegea ubavuni, pindo la kitenge cha kijani lilikuwa limechungulia.

"Hizi ni nguo za nani, mwalimu?"

Wamalwa aliona kwamba msichana huyu hataondoka bila jibu. "Za marehemu mke wangu."

"Subhanallah." Kawsar alirudi nyuma. "Mwalimu, hapa palikuwa patupu miaka mingi. Sisi kwetu mahali patupu hatuingii bila kupiga bismillahi, maana huenda pana wenyewe. Nyinyi mmeingia, mmetengeneza kitu chenye umbo la mtu, mmekivika nguo za maiti, mmekitundika ambapo si juu wala si chini, halafu kila siku mnakiita. Unanisikia? Unanisikia? Mlidhani hakuna atakayesikia?"

"Kwa hiyo ni mke wangu?"

"Hapana!" alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Hapana, mwalimu. Aliyekufa hana nafasi ya kuja kucheza na watu wa Industrial Area. Hiki ni kitu kingine. Kimekuta nguo, kimezivaa. Zitoe uwapelekee wenye haki nazo. Na kikisema nawe, usikijibu. Abti wangu, yaani mjomba, huniambia, jini ukilijibu umeshalifungulia mlango."

"Nitazitoa kozi ikiisha," Wamalwa alimjibu, akaipandisha sanamu mahali pake.

Alijua maana ya kuzitoa. Nguo zikigawanywa Kimilili, kila dada akaondoka na gauni lake, Phelister hangekuwa popote tena. Na kama kile kitu kilikuwa yeye kweli, basi angekuwa amemtelekeza akining'inia. Huyo ndiye mtu aliyejigamba kwamba haamini chochote kisichoweza kufungwa fundo.

Siku ya mtihani wa Kawsar mvua ya masika ilianza wakati wa chakula cha mchana. Stima ilipotea. Anga lilishuka hadi juu ya mabati, na ndani ya godauni mchana ukawa na rangi ya maji ya kufulia. Ndirangu alikuwa amejifungia ofisini na simu yake. Wamalwa alitaka kuahirisha, lakini Kawsar alikwisha kuvaa.

"Watu huzimia hata mvua ikinyesha, mwalimu. Si ndivyo ulivyosema?"

Alipanda vizuri. Hakuiita sanamu, badala ya kuita alisoma Ayatul Kursi chini kwa chini, na Wamalwa, ambaye kwa kawaida angelihesabu hilo kuwa kosa, hakusema kitu. Alimwona akiifikia, akaona mwanga wa taa ya helmeti yake ukitua kwenye turubai, akasikia karabina, ile pete ya chuma yenye kufuli, ikilia alipoifunga sanamu kwenye mshipi wake, kisha akaona kamba za sanamu zikilegea. Amebeba. Sasa amefungua. Vyema. Kilichobaki ni kushuka.

Hakushuka. Taa ilibaki palepale, ikitikisika.

"Kawsar! Shida nini?"

"Imekuwa nzito," alijibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwalimu, imekuwa nzito sana, kifaa cha kushukia kimekwama. Na mikono yake..." Hakumaliza.

Wamalwa alishika kamba za pembeni, akapanda, na kadiri alivyopanda mvua ilizidi kuyapiga mabati hadi asiweze kusikia pumzi yake mwenyewe, lakini chini ya kelele hiyo, kama uzi uliopita chini ya kitambaa, aliusikia ule mdundo wa cherehani, tk-tk-tk-tk, na harufu ya mafuta na sabuni ikamjia usoni nene kama blanketi, na alipofika usawa wao taa yake ikamwonyesha mikono ya turubai, ambayo Phelister aliishona bila viwiko wala vidole, imejikunja viwiko na kumzunguka msichana shingoni, na uso usio na macho umeegemea bega lake kama mtoto aliyelala, na ukageuka kumtazama yeye.

"Baba Triza," uso huo ulimwambia, kama walivyomwita majirani kwa jina la binti yake.

Ilikuwa sauti ya Phelister. Hata ule ukavu kidogo mwishoni mwa neno, uliotokana na miaka ya kushika pini midomoni, ulikuwepo.

"Baba Triza, umekuja. Nimening'inia muda mrefu sana. Huyu msichana ananibana, sipumui. Mfungue huyu kwanza. Mfungue tu, nitakuja kwako, utanibeba mwenyewe, tutakwenda nyumbani Buruburu."

Wamalwa alinyoosha mkono. Hakuamua kuunyoosha, ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda gizani kwenye swichi ya chumba unachokijua, ukapita mbele ya turubai, ukaishika karabina ya chuma baridi, ukaanza kuizungusha kufuli yake, na kila mzunguko sauti ile ilimsifu, ndivyo, ndivyo mume wangu, bado kidogo, hadi akasikia mtu mwingine akinong'ona karibu na sikio lake, kwa woga wa mtu asiyetaka kumshtua aliyelala.

"Mwalimu," alisema Kawsar. "Hiyo ni yangu."

Mkono ulisimama.

"Usimsikilize," ilisema sauti. "Tafadhali, mume wangu. Nakusihi. Nakuomba kwa mapenzi yetu."

Wamalwa alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na ndani ya ile mvua kilitisha kuliko sauti yenyewe. Aliifunga upya kufuli ya Kawsar, akaikaza, akaijaribu kwa kuivuta, halafu akauelekea uso wa turubai jinsi alivyowaelekea wanafunzi wote waliofeli.

"Umekosea," aliuambia.

"Mwalimu, usilijibu," alisema Kawsar.

"Umekosea vibaya sana. Phelister hakuwahi kusema tafadhali. Hakuniomba hata chumvi mezani. Hakuniita mume wangu wala Baba Triza. Aliniita Wamalwa, kama polisi."

"Mwalimu, nakuomba, usilifundishe!"

"Angekuwa ni yeye, angeanza kwa kuniambia nilichofunga vibaya. Angenitukana, na angekuwa sahihi. Wewe unabembeleza kama mchuuzi wa soksi. Na kosa kubwa kuliko yote, umeniambia nifungue kabla sijabeba. Mke wa mwalimu wa kamba! Hata yeye ambaye hakuwahi kupanda ngazi aliijua sheria hiyo. Umevaa nguo zake zote na bado hujamfikia hata kwenye pindo."

Alipokwisha kusahihisha, alifanya kazi. Alimfunga Kawsar kwenye mshipi wake, akaubeba uzito wao wote hadi mifupa ya nyonga ikalia, akatoa kisu ambacho aliwakataza wanafunzi kukitoa karibu na kamba zilizobeba mtu, akaukata ukanda mfupi uliomwunganisha msichana na sanamu. Mikono ya turubai iliteleza shingoni mwake. Sanamu ilianguka bila kupiga kelele, ikapasuka sakafuni, na gauni, leso, kitenge cha kijani na sweta la kanisani vikamwagika pamoja na mchanga. Juu yao mabati yalibinuka kwa kishindo, kama mtu mzito amepita juu yake akienda nje, na mbwa wa walinzi wa Industrial Area yote wakabweka kwa pamoja. Halafu ikabaki mvua tu.

Kesho yake Wamalwa alizifua nguo kwa mkono, akazipiga pasi, akazipeleka Kimilili. Nasike na dada zake walizigawa kama desturi inavyotaka, wakilia na kugombania sweta. Kitenge cha kijani alikichukua Nasike mwenyewe. "Sasa amekwenda, mulamwa," alimwambia. Wamalwa alisema ndiyo, na alipofika nyumbani alikuta nyumba ni kubwa kuliko alivyoiacha.

Ndirangu alinunua sanamu ya plastiki kutoka ng'ambo, akajipiga picha nayo. Wanafunzi walirudi. Kawsar alifaulu, na kabla ya kwenda kwenye ghorofa za mjini alibaki kumsaidia Wamalwa. Harufu iliisha, mlio uliisha. Hata Dishon alipita siku moja kusalimia, ingawa alisimama nje ya lango.

Mwezi wa Julai, mchana mkavu, Wamalwa alipanda peke yake kukagua vifungio vya boritini wakati wengine wanakula. Alikuwa amefika juu aliposikia ulimi ukigonga meno, karibu kabisa na sikio.

"Karabina yako iko wazi, Wamalwa. Miaka yote hii na bado unafunga kama mtu anayefunga mbuzi."

Alitazama. Ilikuwa wazi kweli. Aliifunga. Alibaki akining'inia pale bila kazi yoyote, akitazama ukuta, hadi sauti za wanafunzi zikarudi.

Sauti ilikuja tena wiki hiyo. Ilimwambia kwamba kamba inasuguliwa kwenye ukingo wa chuma, na ilikuwa inasuguliwa. Ikamwambia amekonda, suruali imemkaa kama gunia la viazi viwili. Ikamwambia kwamba fundo la upande wa kushoto lilifungwa na mpumbavu, na lilikuwa lake. Kila mara ilikuwa na dharau, na kila mara ilikuwa sahihi. Wamalwa alianza kuacha chakula chake nusu ili awahi kupanda.

"Unaongea na nani huko juu, mwalimu?" Kawsar alimwuliza.

"Narudia masomo."

"Nimesikia harufu ya ngozi leo."

"Ni karakana ya jirani," alisema. "Na umevaa helmeti yako kama sufuria."

Siku ya mwisho jua lilikuwa kali, na mwanga ulipenya kwenye matundu ya mabati ukasimama ndani ya godauni kama kamba nyeupe. Wamalwa alikuwa juu kabisa, chini ya boriti.

"Kamba ya akiba umeivusha upande mbaya," ilimwambia sauti. "Mtoto angeona. Ifungue uanze upya."

Aliitazama. Kwake ilionekana sawa. Lakini hata karabina ya siku ile alidhani iko sawa. Akaifungua.

Kawsar aliingia mlangoni na chapati mkononi, akatazama juu, akaiangusha.

"Mwalimu! Umebaki na moja! Mwalimu, usiguse kitu!"

Wamalwa alimtazama kutoka juu kwa dharau aliyowawekea wote wanaopiga kelele kazini. Angemsahihisha akishuka. Ulimi uligonga meno sikioni mwake, kwa uchovu, jinsi Phelister alivyofanya alipomwona mumewe akichelewa kufahamu jambo rahisi.

"Na hiyo nyingine, mzembe wewe. Unangoja nini? Nimeshakubeba."

Na kweli, mikanda ya mapajani ililegea. Uzito wote ulimtoka nyongani, akahisi mikono miwili imempita chini ya makwapa na kumwinua sawasawa, kwa utaratibu, jinsi alivyowafundisha mwenyewe. Kwanza beba. Mikono hiyo ilikuwa imelowa jasho. Wamalwa alitabasamu, akaweka kidole gumba kwenye kufuli ya karabina, akaanza kuizungusha.